Waliponipeleka kwa Mdogo Wangu

Jumamosi ile tulipoteremka kwenda kwenye gari, mama yangu alikuwa ameshazikwa Unguja tangu jana yake, na katika watu watatu tuliokuwa tunasafiri mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Kutwa nzima nilikuwa nakitafuta hicho ninachofichwa, na kila nilipokikaribia nilikipa jina jingine.

Kwetu sisi mtu aliye mbali hapashwi habari ya kifo cha mzazi wake kwa simu, wala haambiwi akiwa peke yake. Hutafutiwa mtu mzima wa kumwambia, na hutafutiwa wenziwe wa kulia nao. Mpaka afikishwe mbele yao, kila mtu hujitia hamnazo. Kazi hiyo naijua, maana nimeifanya. Niliwahi kwenda kumchukua mwenzangu kazini kwake Newtown, hapa Birmingham, kwa kisingizio cha kumwonyesha sofa la bei nafuu, nikampeleka moja kwa moja kwa ami yake, na njia nzima tukawa tunabishana rangi ya sofa. Hata leo nashangaa vipi zamu yangu ilipofika sikuitambua.

Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshashika tuhuma nyingine. Mimi tuhuma ikishaniingia kichwani hujifungia mlango kwa ndani.

Kwa miezi kadhaa mimi na mke wangu tulikuwa tunavutana juu ya mama. Baba alikwishatangulia zamani, na watoto tulikuwa wawili tu, mimi Birmingham na mdogo wangu wa kike Glasgow. Mama kabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na binti wa jirani ndiye anayemsaidia kupika. Viza yake ilikuwa imeshatoka. Mimi nilitaka aje mara moja. Mke wangu alisema tusubiri baridi iishe: tunakaa ghorofa ya tisa Ladywood, lifti leo inafanya kazi kesho inagoma, madirisha yanapitisha upepo, na mtu wa umri ule akitolewa kwenye jua la Unguja akaletwa kwenye baridi hii tutamuua. Yalikuwa maneno ya akili, na kwa kuwa yalikuwa ya akili nikayashuku zaidi. Nikajiambia huyu hamtaki mama yangu, anaisingizia hali ya hewa.

Sasa Ijumaa jioni nikarudi kutoka kwenye ghala nilikokuwa nafanya kazi ya kupanga mizigo, nikakuta nyumba imetulia isivyo kawaida. Televisheni imezimwa. Watoto wameshaogeshwa. Mezani pana wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula ambacho mke wangu hakipiki katikati ya shughuli zake ila pakiwa na mgeni. Mgeni simwoni. Alinipakulia, akakaa kunitazama ninavyokula, na yeye hakula.

"Kesho twende Glasgow," akaniambia. "Shemeji yako ametualika. Wanataka tukaione nyumba yao mpya."

"Glasgow? Katika baridi hii?"

"Nimeshaangalia. Theluji wanasema Jumapili. Sisi tutakuwa tumeshafika."

"Na kazi yako?"

"Nimeomba ruhusa."

Mwanamke huyu aliwahi kwenda kazini na shavu limemvimba kwa jino mpaka jicho limefumba. Leo ameomba ruhusa akaangalie nyumba ya watu! Nikatafuna samaki wangu polepole, nikimtazama. Akainuka kwenda jikoni, akafungua maji ya bomba, na maji yakatoka muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwapo.

Nilipomfuata nikamkuta ameshapanga kila kitu. Alikuwa amechapisha ramani ya njia kwenye kompyuta ya maktaba, na ya pili ya njia ya kando endapo ya kwanza itafungwa. Blanketi mbili zimekunjwa mlangoni. Chupa ya chai imeoshwa, inasubiri asubuhi. Watoto watabaki kwa jirani yetu Mkongo wa mlango wa pili. Na gari ataliendesha yule jamaa wa Mombasa, aliyekuwa akikaa jengo letu zamani kabla hajahamia Erdington.

"Kwani mimi nimekatika mikono?" nikamwuliza. "Glasgow nimekwenda mara ngapi?"

"Umechoka na kazi. Mwache yeye aendeshe."

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipojidanganya kwamba nimeelewa. Ule ulikuwa mwaliko wa kikao. Mke wangu amenizunguka, amezungumza na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni mtu mzima na ulimi wake ni wa asali, na wamemvuta mdogo wangu upande wao. Nitakalishwa kwenye sofa jipya, nitapewa kahawa na halua, halafu wataniambia kwa upole kwamba mama asije. Na huyu wa Mombasa anachukuliwa ili nikikasirika nisiweze kutia gari moto na kuondoka. Mpango ulikuwa mzuri. Nikaamua nitakwenda, tena nitakwenda na hoja zangu zimekamilika.

Asubuhi nikamwona anapiga pasi kanzu yangu nyeupe. Akaikunja kwa uangalifu, akaitia kwenye begi pamoja na buibui lake na kanga mbili za kushindia.

"Kanzu ya nini kwenda kutazama nyumba?"

"Huenda mkaenda msikitini."

Simu yangu nayo haikuonekana. Akasema ameshaitia kwenye mkoba wake isije ikasahaulika. Nikamwambia anipe. Akasema mkoba uko chini ya vitu, tutaitoa garini. Garini akasema chaji imekwisha. Haya.

Watoto tuliwapeleka mlango wa pili. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na umri wa kuona haya kukumbatiwa na baba yake mbele za watu, akanishika kiunoni hataki kuachia. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba tunarudi Jumatatu, asimsumbue mama wa watu. Akanijibu kwa lugha yake: "I know, Dad. Love you." Yule jirani Mkongo, mama mnene wa furaha ambaye kwa kawaida hucheka mpaka korido nzima inamsikia, safari hii hakucheka. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Safari ya muzuri, papa," akasema. "Courage. Mungu iko."

Courage? Nijipe moyo wa nini? Nikamtazama mke wangu, naye akajifanya anatafuta ufunguo. Kumbe jengo zima linajua habari za kikao changu! Lifti siku hiyo ilikuwa imegoma. Niliteremka zile ngazi zote nikiwa nimenuna, begi la kanzu begani.

Yule jamaa wa Mombasa alikuwa akitungoja chini, gari limeshapata moto. Lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani siku nyingine. Alikuwa dereva wa teksi, mtu wa mizaha, mwenye kujua habari za kila mtu kuanzia Erdington mpaka Ladywood, na hakuna siku aliyokutana nami asinichokoze juu ya Kiswahili chetu cha Unguja. Leo amevaa kofia ya kiua, amenyoa ndevu, na alitoka nje ya gari kunifungulia mlango wa mbele.

"Karibu, ndugu yangu. Keti hapa kuna heater."

"Vipi, leo umekuwa dereva wa harusi?"

Hakucheka. Akasema tu, "Wacha twende mapema, barabara si nzuri."

Buti lake lilikuwa na koleo, mfuko wa chumvi ya kumwaga barabarani na tochi. Tangi limejaa. Redio, ambayo kwake haizimwi, ilikuwa imezimwa, na baadaye akaweka kisomo cha Kurani kwa sauti ya chini. Nikasema moyoni, huyu naye wamemlisha nini? Mtu anayekwenda kushuhudia mwenzake akisemwa na mkewe ndiyo anajikaza uso namna hii?

Tulipita chini ya zile barabara za Gravelly Hill zinazopandiana, tukaingia barabara kuu ya M6 kuelekea kaskazini, na kabla hatujaiacha Birmingham vizuri theluji ya Jumapili ikaanza kuanguka Jumamosi. Mwanzo ilikuwa laini, inayeyuka kwenye kioo. Mke wangu nyuma akaitoa ramani yake, akaitazama, akaikunja. Sikutaka kufurahi, lakini nilifurahi kidogo.

Nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Kwa nini nisubiri kukalishwa Glasgow? Nitawapiga kabla hawajajipanga.

"Mama akija," nikasema kwa sauti ya mtu anayezungumza mambo ya kawaida, "atalala chumba cha watoto. Kitanda tutakiweka karibu na hita. Dirisha lile nitaliziba kwa mkono wangu."

Nilitegemea jibu. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la jibu lake, na jibu la litakalofuata.

"Sawa," akasema mke wangu.

"Sawa nini?"

"Sawa. Karibu na hita."

Miezi yote ile hajawahi kusema sawa. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amegeuzia uso dirishani, kana kwamba huko nje kuna cha kutazamwa isipokuwa weupe. Nikamgeukia dereva.

"Wewe unasemaje? Mzee wa miaka sabini hawezi kuishi Birmingham? Mbona Wahindi wa kwenu Nairobi wamewaleta wazee wao, na tunawaona wanatembea bustanini na makoti yao?"

"Kila kitu ni mipango ya Mungu, ndugu yangu," akasema, macho yake barabarani.

Mtu huyu hata nikimwuliza saa hutoa hotuba, leo ananijibu kama imamu! Nikaendelea peke yangu. Nikaeleza namna nitakavyomfuata mama uwanja wa ndege na koti jipya mkononi, asije akapigwa na upepo pale mlangoni. Nikaeleza kwamba soko la wazi la mjini ataliweza, kwa kuwa samaki wapo na ndizi mbichi zipo na wauzaji wanapiga kelele kama wa kwetu. Nikaeleza mpaka mahali atakapoweka mswala. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonyamaza, na kadiri walivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wamekubaliana wasinijibu mpaka tufike. Nilichukia kuachwa niseme peke yangu.

Simu ya mke wangu ikalia. Akaipokea, mkono mwingine umefunika mdomo, lakini gari ni dogo.

"Bado," akasema. "Hapana, hajui. Tuko njiani, theluji imeanza. Tukifika, inshallah."

Mimi nikatazama mbele. Waipa zilikuwa zinakwenda huku na huku zikisukuma theluji, na kila ziliposukuma nyingine ilikuwa imeshakaa. Hajui. Sasa ushahidi ninao. Niliamua sitauliza kitu tena, wajione wajanja mpaka mwisho.

Nchi hii inaijua baridi tangu iumbwe, lakini ikianguka theluji ya kufunika kiatu kila mtu anashangaa na kila kitu kinasimama. Kufika kaskazini ya Stafford njia tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, halafu tukasimama kabisa nyuma ya lori. Tulikaa pale hata chai ya kwenye chupa ikapoa. Mbele yetu watu walitoka kwenye magari yao wakasimama barabarani, jambo ambalo sijapata kuliona M6. Dereva wetu akatoka na koleo, akachimba mbele ya matairi, akamwaga chumvi, na tukasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto, mpaka tukaingia kwenye kituo cha mapumziko kilichokuwa karibu. Maegesho yalikuwa yamejaa. Ndani watu walikuwa wamekaa mpaka sakafuni, na mfanyakazi mmoja alikuwa akipita kutangaza kwamba barabara ya mbele imefungwa, na ya kurudi nayo si salama.

Mke wangu aliposikia hivyo alikaa juu ya ukingo wa chungu cha maua ya plastiki, akauinamisha uso. Mpango wake wote, ramani zake mbili, saa zake za kufika, vyote vimekwisha. Yule jamaa akamsogelea. Wakawa wananong'ona. Niliwaona kutoka kwenye foleni ya kahawa. Mke wangu anatikisa kichwa, kama anakataa kitu. Mwanamume anasema, naye anakataa. Kisha wote wawili wakageuka kunitazama kwa pamoja, na waliponiona nawatazama wakageuza nyuso.

Hapo mori ukanipanda. Niliacha foleni. Nikajiambia basi, kama mimi nimezungukwa, na mimi ninaye wa kumlalamikia. Tangu tunaoana, kesi zangu zote na mke wangu hakimu wake ni mama. Nampigia kila Jumapili, namweleza, naye hunisikiliza mpaka nimalize, halafu humtetea mke wangu. Kila mara. Lakini angalau huniacha nimalize. Leo si Jumapili, ila sikuweza kusubiri. Mfukoni nilikuwa na kadi ya kukwangua ya kupigia simu nyumbani, na ukutani karibu na vyoo palikuwa na simu za umma.

Nikakwangua. Nikabonyeza zile namba zisizokwisha, nikabonyeza namba ya nyumbani. Ikaita. Sauti ya kuita kwa simu ya kwetu naijua, ina mkwaruzo wake, na nilipoisikia tu roho ikaanza kutulia. Ikapokewa. Sikusikia halo. Kabla ya yeyote kusema, nilisikia nyumba. Ilikuwa imejaa watu. Nyuma kulikuwa na uvumi wa wanawake wengi katika chumba kimoja, na vikombe, na mtu mmoja aliyekuwa anasoma.

Nikajiuliza leo kwetu kuna shughuli gani ambayo sikuambiwa. Kisha kidole cha mke wangu kikashuka juu ya kile kidude cha kukatia simu, na sauti ikakatika.

Alikuwa amekimbia. Alikuwa anahema, mtandio umemwangukia mabegani na hakuurudisha.

"Usimpigie," akasema.

"Mama yangu? Nisimpigie mama yangu?"

"Tafadhali. Usimpigie."

Nikamwambia neno ambalo nililipika njia nzima kutoka Ladywood. "Unaona? Si kuja kwake tu. Hata sauti yake huitaki."

Alinitazama. Alitazama namna mtu anavyomtazama mtoto aliyeanguka na bado hajaanza kulia. Mkono wangu ulikuwa umeshika simu bado, na katika sikio langu ile nyumba ilikuwa haijanyamaza. Nikaisikiliza tena kwa kumbukumbu: wanawake wale, vikombe vile, mtu yule anayesoma. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile. Najua inavyosikika siku ya harusi, na najua inavyosikika siku nyingine.

"Lini?" nikauliza.

Yule jamaa wa Mombasa ndiye aliyefika kutoka nyuma yake, akanishika bega, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jana alfajiri, ndugu yangu. Presha. Hakuumwa sana. Tulitaka ufike kwanza."

"Ameshazikwa?"

"Jana. Baada ya sala ya Ijumaa."

"Nani aliingia kaburini?"

Sijui kwa nini niliuliza hilo kabla ya yote. Mtoto wa kiume ndiye anayeingia kaburini kumpokea mzazi wake, na mtoto wa kiume wa mama ni mimi, na mimi jana baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa napanga maboksi. Mke wangu akasema aliingia mjomba, na watoto wawili wa mjomba. Nikasema vizuri. Nikairudisha simu mahali pake. Watu walikuwa wanapita kwenda msalani na kurudi, mtoto mmoja akilia anataka chipsi.

Tulirudi garini. Nilikasirika, nataka kulisema hilo kama lilivyokuwa. Nilikasirika kwamba alilala pembeni yangu usiku kucha akijua. Nilikasirika kwamba aliniacha nimpangie mama kitanda na mswala na koti, mbele ya mtu mwingine, njia nzima. Nilimwuliza kwa nini hakunizuia pale.

"Ningekuzuia kwa kusema nini?" akasema. Alikuwa amekaa mbele sasa, kando yangu, na dereva yuko nje anafuta vioo ambavyo havikuhitaji kufutwa. "Ami yako wa Unguja alinipigia mwenyewe. Akaniambia usimwambie wewe peke yako, mpeleke kwa mdogo wake, waambiwe pamoja, na mtu mzima awepo. Nikasema sawa. Nilidhani nitaweza. Samaki yule nilimpika ili ule, maana nilijua baada ya hapo hutokula."

Akalia. Nikalia na mimi. Baridi iliganda juu ya vioo na ndani ya gari palikuwa na giza la mchana, na tulilia mle kama watu walio nyumbani kwao. Nilimwambia pia kwamba nilidhani ananipeleka kukalishwa kikao. Aliposikia hivyo alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kikao cha nini? Mimi tangu juzi nilikuwa nimeshakubali aje," akasema. "Nilizungumza naye kwa simu, wewe uko kazini. Alisema anakuja na mashelisheli, nikamwambia uwanja wa ndege watayachukua. Tukabishana. Alinishinda."

Mama hata mimi alinishinda siku zote.

Jioni ilikuwa inaingia, mapema kama inavyoingia huku majira ya baridi, wakati dereva alipogonga kioo kusema wameanza kuruhusu magari kwa njia moja kuelekea kaskazini. Akauliza kama turudi Birmingham au twende. Mke wangu akanitazama mimi.

"Mdogo wangu ameshaambiwa?" nikauliza.

"Hajui. Mumewe anatusubiri sisi."

"Basi twende."

Tulikuwa hatujatoka kwenye maegesho simu ya mke wangu ikalia tena. Akaitazama, akaiacha iite mapajani mwake. "Ndiye," akasema. "Si namba yao, lakini ni ya jirani yao. Ndiye." Nikanyoosha mkono. Alisita, kisha akanipa.

"Kaka?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejificha. "Mko wapi? Mbona hamfiki?"

"Tumekwama kidogo. Theluji."

"Kaka, nataka nikuulize wewe, maana hapa hakuna anayeniambia kitu. Mume wangu ana nini? Kutwa hakutoka nyumbani. Simu yangu kaishika yeye, anasema mbovu, hapa nimeomba ya jirani. Watu wanakuja, wananisalimia kwa mikono miwili, wanaondoka. Kama anataka kuoa mke wa pili na nyie mnakuja kunibembeleza, niambie sasa hivi. Wewe hujapata kunificha."

"Hapana mwanamke yeyote. Unajitia wasiwasi bure."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Mafua."

Nilisikia anavyopumua, na nilijua hajanisadiki. Dereva alikuwa ameshikilia usukani bila kuondoa gari. Mke wangu alikuwa ameuficha uso kwenye kanga.

"Na mama?" akauliza mdogo wangu. "Tangu jana sijampata. Wewe umezungumza naye?"

"Nimempigia leo hii," nikasema. "Hajambo. Anakusalimu sana."

Nikamsikia anashusha pumzi. Akasema alhamdulillahi, basi tusikimbize gari, yeye atatuwekea chakula.